Hesabu ya Yasiyotokea

Mto Niemba unaingia Lukuga, na Lukuga ndio mlango pekee ambao Ziwa Tanganyika linao wa kutolea maji yake kwenda Lualaba. Mlango huo haukuwa wazi siku zote. Verney Lovett Cameron alipofika 1874 alitangaza kwamba amepata njia ya maji ya ziwa. Henry Morton Stanley alipopita hapohapo miaka miwili baadaye alikuta matope na mafunjo yameziba na maji hayaendi, akamsahihisha mwenzake kwa furaha isiyofichika. Edward Hore, mmisionari Mwingereza, alipofika 1879 mto ulikuwa unakimbia: kizibo kimevunjika, na ziwa limeanza kushuka. Wote walishughulika na mto. Kizibo kwao kilikuwa kikwazo tu. Hata hivyo, kwa miaka mingi kabla yao matope yale na majani yale yalikuwa yameshikilia ziwa zima, na kazi hiyo ilionekana siku ilipokoma. Mwenye kutaka kuipima hana budi kulinganisha kina cha maji kabla na baada, kwa kuwa kizibo chenyewe hakiachi alama ya ushindi popote.

Nimeanza na kizibo kwa sababu nataka kumzungumzia mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo uwanjani, Dikembe Mutombo, na fainali aliyoshindwa mwaka 2001. Alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966 katika familia ya Waluba, wa upande wa Kasai, ndugu wa mbali wa Waluba wa huku kwetu, mkoa wa Tanganyika, Kongo. Alikwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo akitaka kuwa daktari, akafika Chuo Kikuu cha Georgetown, na urefu wake wa mita 2.18 ukaonwa na kocha John Thompson kabla udaktari haujampata. Akawa pivo, kama tunavyosema huku, yule mtu mrefu anayekaa karibu na kikapu. Alicheza misimu 18 katika ligi ya NBA, kuanzia 1991 hadi 2009, akazuia mitupo 3,289, idadi inayopitwa na Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake. Alichaguliwa mara nne kuwa mlinzi bora wa mwaka. Alifika fainali mara mbili, 2001 na 2003, na mara zote mbili wapinzani wake wakabeba kombe. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024, na katika tanzia nyingi ile habari ya kukosa pete ya ubingwa ilipewa sentensi yake, fupi, yenye huruma.

Huruma hiyo ndiyo ninayoitilia shaka. Mchezaji aliyestaafu akikaa kuutafakari mfululizo wa mechi za ubingwa, bingwa hana haja ya kujieleza, kwa sababu matokeo yanamsemea. Aliyeshindwa lazima ajitetee, na utetezi wa mshindwa hunuka visingizio hata unapokuwa kweli. Ninachodai ni kwamba kwa mchezaji ambaye kazi yake ni kuzuia, matokeo ya mfululizo ni shahidi asiyefaa kabisa: hayamwonei tu, bali yanaangalia upande mwingine wakati kazi inafanyika. Fainali ya 2001 inalionyesha jambo hilo kwa uwazi ambao si rahisi kuupata kwingine, kwani namba zake zinakwenda kinyume na zinavyotarajiwa.

Mutombo alihamia Philadelphia 76ers mwezi Februari mwaka ule, akitoka Atlanta. Timu ilimhitaji kwa sababu moja iliyokuwa na jina na uzito: Shaquille O'Neal wa Los Angeles Lakers, mtu wa kilo karibu 150, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amewaponda Indiana kwenye fainali. Njia ya kumfikia ilikuwa ndefu. Philadelphia walicheza mechi saba na Toronto, kisha mechi saba na Milwaukee, na katika ile ya saba Mutombo alifunga pointi 23, akadaka mipira 19 iliyogonga ringi na kurudi, akazuia mitupo saba. Lakers waliwasubiri wakiwa wameshinda mechi 11 mfululizo bila kupoteza hata moja. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane mechi ya kwanza ilipochezwa, Juni 6, na Kalemie ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD. Reli ya Kabalo ilikuwa imekatwa na vita, na waliokuwa macho hapa Niemba, kituo cha reli ninakoandikia, saa zile hawakukeshea mpira wa kikapu. Philadelphia walishinda 107 kwa 101 katika muda wa nyongeza. Allen Iverson alifunga 48, na katika dakika za mwisho alimruka Tyronn Lue aliyekuwa ameanguka chini, akainua mguu juu yake kama mtu anayevuka gogo njiani. Mguu ule ndio uliobaki kichwani mwa dunia. Kilichofuata ni kwamba Lakers walishinda mechi nne zilizobaki, Juni 15 wakavikwa taji mjini Philadelphia, na siku kumi baadaye Mutombo akatimiza miaka 35.

Sasa tuzitazame pointi za O'Neal, mechi baada ya mechi: 44, 28, 30, 34, 29. Mechi aliyofunga nyingi kuliko zote ndiyo pekee ambayo timu yake ilipoteza. Katika zile nne walizoshinda, wastani wake ni pointi 30 na robo. Katika mechi ya tatu alitolewa nje kwa kujaza faulo, dakika mbili na kitu zikiwa zimebaki. Kwa mlinzi aliyepewa kazi ya kumkabili, hilo ni jambo kubwa kama la kumtoa simba kwenye zizi. Philadelphia walipoteza mechi hiyo hata hivyo, 96 kwa 91, kwa kuwa Robert Horry, mtu ambaye Mutombo hakuwa na kazi naye, alitupia mipira yake kutoka mbali. Kwa hiyo mwenye kumhukumu Mutombo kwa matokeo atasema alifaulu usiku aliofungwa 44 na akashindwa usiku aliomfanya O'Neal atoke uwanjani. Hukumu ya namna hiyo haina kichwa wala miguu, lakini ndiyo tunayoitumia kila tunapohesabu pete.

Kuna mtu atajibu kwamba wastani wa pointi 33 katika fainali nzima si kuzuiliwa. Ni kuchinjwa polepole. Ni jibu lenye nguvu, na nisingependa kulikwepa kwa maneno matamu. Mutombo hakumzuia O'Neal kwa maana ya kumnyima. Hakuna aliyeweza mwaka ule. Lakini hoja yenye haki ni ile ya kizibo cha Lukuga: maji yangefika wapi bila yeye? Bahati nzuri, O'Neal alicheza fainali tatu mfululizo na timu ileile, chini ya kocha yuleyule, Phil Jackson, na katika hizo ni ya katikati tu aliyokutana na Mutombo. Mwaka 2000, dhidi ya Indiana, wastani wake ulikuwa pointi 38. Mwaka 2002, dhidi ya New Jersey Nets, ulikuwa 36.3. Dhidi ya Mutombo, 33. Na haitoshi kuishia hapo, maana pengine mwaka 2001 alikuwa amepungukiwa makali. Hakupungukiwa. Ukichukua wastani wake wa hatua nzima ya mtoano kila mwaka, ulikuwa 30.7, kisha 30.4, kisha 28.5. Maana yake ni kwamba kila alipofika fainali alipanda, lakini kupanda kwenyewe kulitofautiana: mwaka 2000 alizidisha pointi saba na ushei juu ya wastani wake, mwaka 2002 karibu nane, tena akiwa anachechemea kwa maumivu ya kidole cha mguu, na mwaka 2001 hakufika hata tatu. Tofauti hiyo ya pointi nne au tano kila mechi haina mahali pake kwenye ubao wa matokeo. Hakuna safu iliyoandikwa mipira ambayo O'Neal hakuitupa, au aliyoirudisha nje kwa mwenzake baada ya kuuona mkono ule mrefu ukimsubiri.

Mwenye kupinga anaweza kuongeza mambo mawili, na yote mawili nayakubali kwa sehemu. La kwanza, fainali tatu ni ushahidi mdogo, na O'Neal hakukabiliwa na mtu mmoja. Mlinzi husaidiwa na wenzake, na Kobe Bryant wa 2001 aliweza kufunga kiasi kwamba O'Neal hakulazimika kufunga yeye. Ni kweli. Sidai kwamba namba hizi zinathibitisha kama hesabu za shuleni. Nadai zinaelekea upande mmoja, na upande huo si ule ambao ukosefu wa pete unatuambia. La pili ni zito zaidi. Tukianza kuhesabu yasiyotokea, kila mtu atakuja na madai yake: kipa aliyefungwa matano atasema alizuia kumi, waziri atasema bila yeye barabara ingekuwa mbaya zaidi, na sisi wa Kongo tumeshasikia ngonjera za namna hiyo hadi masikio yamefanya sugu. Ndiyo maana sikubali madai ya kuzuia yasiyokuja na mlinganisho. Waziri na atuonyeshe barabara ya kabla, ya wakati wake, na ya baada yake. Mutombo anaweza, na mwenye kuutoa ushahidi huo ni mpinzani wake mwenyewe, kwa pointi alizofunga.

Hapo ndipo kumbukumbu ya mchezaji mstaafu inapokuwa na thamani ambayo shabiki hana. Shabiki anakumbuka mpira ulipoelekea. Mlinzi anakumbuka kwa bega na kwa goti mahali ambapo mpira haukwenda, na anajua alilipa nini ili usiende. O'Neal mwenyewe alilalamika mbele ya waandishi wakati wa fainali ile kwamba Mutombo anajiangusha makusudi ili apewe faulo. Huenda alikuwa na haki. Walinzi wana hila zao, nami simfanyi Mutombo kuwa malaika. Lakini mtu halalamikii kitu kisichomsumbua. Lawama ile ni ushahidi wa kazi, na ni wa namna ambayo haitunzwi katika makabati ya vikombe.

Ajabu ni kwamba picha ya Mutombo ambayo dunia imeichagua haitoki kwenye fainali yoyote. Ni ya tarehe 7 Mei 1994, mjini Seattle, raundi ya kwanza ya mtoano: amelala chali sakafuni, ameshika mpira kwa mikono miwili juu ya uso wake, anacheka kama aliyeokoka kuzama. Denver Nuggets walikuwa wameshinda mechi 42 msimu ule, Seattle 63. Denver walipoteza mbili za kwanza, wakashinda tatu zilizofuata, na ikawa mara ya kwanza katika NBA timu iliyowekwa ya nane kuitoa ya kwanza. Mutombo alizuia mitupo 31 katika mechi hizo tano. Picha hiyo ni nzuri na siichoki. Hata hivyo inanisumbua kidogo, kwa sababu inasema kuzuia kunapendeza pale tu kunapoangukia kwenye ushindi. Katika raundi iliyofuata Denver walikuwa nyuma mechi tatu bila mbele ya Utah, wakazirudisha zote tatu, wakapoteza ya saba. Kuirudisha hali ya tatu bila hadi mechi ya saba, kwa kipimo changu, ni kazi iliyozidi ile ya Seattle. Nani ana picha yake?

Na kile kidole. Kila alipozuia mtupo alikiinua na kukipunga kushoto na kulia, kama mama anayemkataza mtoto sukari, mpaka ligi ikakihesabu kuwa dhihaka na kuanza kumwadhibu kwacho. Mwaka 2013, akiwa ameshastaafu, alikipunga tena katika tangazo la kampuni ya bima ya magari huko Marekani, akikipiga kwa mkono kila kitu ambacho watu walijaribu kukitupia mahali pake. Watu wengi wasiomfahamu walimfahamu hapo. Alilicheka jambo hilo yeye mwenyewe, na ni haki yake. Lakini kidole kile hapo mwanzo kilikuwa uhasibu. Kilikuwa njia pekee aliyokuwa nayo ya kuliandikisha tukio ambalo lisingebaki na alama nyingine: mpira haukuingia, na tazameni, ni mimi.

Pingamizi jingine linatoka nyumbani kwetu, nalo linauma. Kama tatizo ni kwamba dunia inawakumbuka wenye pete na kuwasahau wazuiaji, mbona Mwadi Mabika hatajwi? Mabika alizaliwa Kinshasa mwaka 1976, akawa mchezaji wa Los Angeles Sparks katika ligi ya wanawake ya Marekani. Mwaka huohuo wa 2001, miezi isiyofika mitatu baada ya Mutombo kushindwa, Sparks walitwaa ubingwa katika ukumbi uleule wa Staples Center ambamo fainali ya wanaume ilianzia, na mwaka uliofuata wakatwaa tena. Pete mbili, mfungaji, Mkongo, na vijana wengi wanaoweza kukutajia Mutombo, au Jonathan Kuminga aliyezaliwa Goma na kupata pete ya Golden State mwaka 2022 akiwa na miaka 19, hawajawahi kusikia jina lake. Nakubali kwamba mfano huu unaipunguza nguvu hoja yangu: pete nayo haitoshi kumfanya mtu akumbukwe, ikiwa aliyeivaa ni mwanamke. Lakini unanipa pia kitu. Unaonyesha kwamba kumbukumbu ya umma si mizani, wala haijawahi kuwa, na kwamba tukiutegemea umaarufu utupimie kazi tutawapoteza aliyezuia na aliyefunga kwa pamoja.

Wengi huimaliza habari ya Mutombo kwa hospitali. Hospitali ya Biamba Marie Mutombo, yenye vitanda 300, ilizinduliwa Kinshasa mwaka 2006 na kupewa jina la mama yake, aliyefariki katika siku za machafuko akiwa hakuweza kufikishwa kwa waganga. Sehemu kubwa ya gharama ilitoka mfukoni mwa Mutombo. Ni kazi ya heshima, ingawa mgonjwa wa Niemba yuko zaidi ya kilomita 1,400 kutoka kwenye mlango wake, na hilo si kosa la mchezaji. Ninachokataa ni namna hadithi inavyopangwa: hakupata pete, lakini alijenga hospitali, kana kwamba vitanda vile ni kifuta machozi. Mpangilio huo unazitukana kazi zote mbili. Hospitali haihitaji fainali iliyopotea ili iwe na maana, na fainali haihitaji hospitali ili isamehewe. Fedha zenyewe zilipatikana kwa ile kazi isiyohesabika, ya kusimama chini ya kikapu miaka 18 na kuupokea uzito wa watu kama O'Neal kifuani.

Msomaji wa mbali anaweza kuuliza kwa nini mambo haya yatafakariwe kutoka Niemba, kituo cha reli. Jibu ni kwamba Niemba nayo ina jina lililotengenezwa na siku moja. Huko Ireland neno Niemba ni la maombolezo: tarehe 8 Novemba 1960 doria ya wanajeshi 11 wa Ireland, waliokuja na kikosi cha Umoja wa Mataifa, ilishambuliwa na wapiganaji wa Kiluba kwenye daraja la mto Luweyeye, na tisa wakafa. Waluba nao walikufa pale, ingawa vitabu vya Ulaya huwataja kwa idadi, bila majina. Sina nia ya kuvilinganisha vifo na mpira. Nasema kuhusu kuhesabu. Wanajeshi wale walitumwa kuzuia, katikati ya jeshi la Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe na vijana wa Balubakat, chama cha Waluba waliompinga. Siku ambazo barabara ilipitika na hakuna aliyeuawa hazikuandikwa popote, na haziwezi kuandikwa, kwani hazikuwa na tukio. Siku kuzuia kuliposhindikana ikawa ndiyo historia yote ya Niemba mbele ya walimwengu, kana kwamba kabla yake na baada yake hapakuwa na treni, soko, wala watoto wakienda mtoni.

Turudi uwanjani, ambako angalau kuna watu wanaolipwa kwa kujua nani alizuia nini. Baada ya fainali ya 2002, New Jersey Nets walikuwa wamepigwa mechi nne bila na O'Neal akiwafunga zaidi ya pointi 36 kila mechi. Hawakumtazama Mutombo kama mtu aliyeshindwa mwaka uliotangulia. Agosti ileile walimchukua kutoka Philadelphia, wakatoa Keith Van Horn na Todd MacCulloch, huyo MacCulloch akiwa pivo aliyekuwamo katika kambi za walioshindwa na Lakers miaka yote miwili. Nadhani hakuna aliyemsoma Mutombo wa 2001 kwa usahihi kuliko waliokuwa wametoka kufungwa bila yeye. Msimu uliofuata mkono wake uliumia kwenye kifundo, akacheza mechi 24 tu, na New Jersey wakafika tena fainali, Juni 2003. Lakini Lakers hawakuwapo: San Antonio walikuwa wamewatoa mwezi uliotangulia. Upande wa pili alisimama Tim Duncan, mtu mwembamba aliyepiga mipira yake kwa kuigongesha ubao kutoka pembeni, mbali kidogo na mkono uliokuwa umenunuliwa kwa ajili ya mwingine. Mutombo alikaa benchi sehemu kubwa ya fainali ile. O'Neal alikuwa ameshakwenda likizo.